Kuomba kwa Rejareja: Mwongozo Kamili wa Kumtegemea Mungu kwa Riziki ya Kila Siku

Kuna mwezi mmoja mshahara wangu ulichelewa wiki tatu. Kila usiku nilipiga magoti nikaomba sala ileile: "Bwana, tupe mahitaji yetu." Nikishasema amina napanda kitandani, na hapo ndipo hesabu zinapoanza. Kodi, tarehe 5. Ada ya mtoto, nusu bado. Fundi wa paa anadai. Dawa za presha za mama, vidonge 6 vimebaki. Saa nane usiku niko macho, nahesabu vidonge vilivyo chumba cha pili.

Nilipomweleza mzee mmoja wa kanisani, aliniuliza jambo moja tu: "Hivyo vidonge sita, umemwambia Mungu?"

Sikuwa nimemwambia. Nilikuwa naomba kwa jumla na kuhangaika kwa rejareja.

Mwongozo huu umetokana na swali lile. Ni kwa Mkristo ambaye tayari anaamini kwamba Mungu hutoa, anaimba hivyo Jumapili, lakini Jumatatu asubuhi hajui aanzie wapi. Utahitaji daftari, kalamu na kama dakika 20 za kwanza. Baada ya hapo ni dakika chache kwa siku.

Kwanza, tuelewane kuhusu "msisumbukie"

Mathayo 6 ndiyo sura inayonukuliwa zaidi kwenye jambo hili, na mara nyingi inasomwa vipande vipande. Mwisho wa sura Yesu anasema msisumbukie, Baba yenu anajua kwamba mnahitaji haya yote. Wengine wakifika hapo husema: basi kama anajua, ya nini kuomba? Lakini katika sura hiyohiyo, mstari wa 11, ametoka kuwafundisha kuomba: "Utupe leo riziki yetu." Kwa hiyo kujua kwake si sababu ya sisi kunyamaza. Mtoto haombi chakula kwa kuwa mama hajui kwamba ana njaa.

Na angalia kipimo. Luka 11:3 inasema "siku kwa siku". Neno la Kigiriki linaloeleza riziki hiyo, epiousios, halipatikani kwingine kokote katika Agano Jipya isipokuwa kwenye sala hii, na wataalamu wamebishana juu yake kwa karne nyingi: ni riziki ya leo, au ya kesho inayoingia, au inayotosha kuishi? Sijamsikia anayedai ni riziki ya mwaka mzima. Sehemu kubwa ya wasiwasi wetu inatoka hapo: tunataka mwaka mzima uonekane ghalani kabla hatujalala.

Hatua ya 1: Andika hitaji kwa jina, kiasi na tarehe

Usiandike "fedha". Fedha si hitaji, ni njia ya kulifikia. Andika kitu chenyewe, kiasi kilichopungua, na siku kinapohitajika. Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa hivi, na bado ninao:

Kodi. Imepungua theluthi. Tarehe 5.
Ada. Nusu. Shule zinafunguliwa tarehe 9.
Dawa za mama. Vidonge 6, kimoja kwa siku. Zinaisha Jumamosi.
Fundi wa paa. Deni lote. Hajataja tarehe, ila amepiga simu mara mbili.

Mistari minne tu. Usiku ilionekana kama arobaini.

Ukiandika, utajikuta unataka kuongeza vitu vya aina nyingine: "Je, nikifukuzwa kazi?" "Je, mtoto akiugua?" Hizo ni hofu, si mahitaji, na hazina kiasi wala tarehe. Ziandike ukurasa wa nyuma ukipenda, uziombee pia, lakini usizichanganye na kodi. Kisha kuna tamaa. Sina ugomvi na tamaa; simu mpya si dhambi. Lakini Paulo katika 1 Timotheo 6:8 anaweka mstari chini kabisa, kwenye chakula na nguo, na ni vizuri kila mwenye daftari ajue mstari wake uko wapi. Jaribio langu ni rahisi: kitu hiki kisipopatikana ndani ya siku 30, nani ataumia, na ataumiaje? Kama jibu ni "nitaona aibu", nakihamisha.

Hatua ya 2: Andika ulicho nacho

Hatua hii watu huiruka, nami niliiruka miaka mingi. Katika 2 Wafalme 4 mjane mmoja anamlilia nabii Elisha: mumewe amekufa, na mwenye kuwadai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha hamhubirii. Anamuuliza ana kitu gani nyumbani. Mama anajibu kwamba hana kitu, isipokuwa chupa ya mafuta.

Lile "hana kitu, isipokuwa" ndilo la kulikazia macho. Muujiza wote ulipitia kwenye kitu ambacho mwenye nacho hakukihesabu.

Chukua ukurasa wa pili. Andika vilivyomo ndani vya kula na vitatosha siku ngapi. Andika ujuzi wako, hata ule usiouona kuwa ujuzi: kushona, kufundisha hesabu, kuandika barua rasmi, kutunza wagonjwa. Andika vitu vilivyolala bila kazi. Andika unaowadai, maana wengi wetu tunawakumbuka sana wanaotudai na kuwasahau tunaowadai. Mimi nilipoandika nilikumbuka jamaa niliyemkopesha miezi saba nyuma. Nilikuwa nimemwona wiki hiyohiyo, nikamsalimu, nikapita.

Soma pia mwisho wa kisa cha yule mjane, mstari wa 7: auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kinachosalia. Deni ndilo linalotangulia. Mafuta yaliyotoka kwa muujiza yalikwenda kwanza kwa mdai, wala Elisha hakusema kwamba kwa kuwa Mungu ameingilia kati basi yule mdai asahau.

Hatua ya 3: Kata pishi ya leo

Ukilishika hili, mengine yatakuja yenyewe.

Katika Kutoka 16 Waisraeli wako jangwani, wana njaa, na wameanza kutamani hata utumwa wa Misri. Mungu anawapa mana, chakula kilichoshuka toka mbinguni, kwa masharti ya kipimo: pishi moja kwa kichwa, kila asubuhi. Waliookota zaidi hawakubakiwa na ziada, waliookota kidogo hawakupungukiwa. Waliojaribu kuweka hadi kesho yake walikuta imeingia mabuu na inanuka. Mpango huu haukuwa wa wiki moja. Ulidumu miaka 40. Katika Yoshua 5:12 mana inakoma, kesho yake baada ya kula mazao ya nchi. Yaani kizazi kizima kilikulia kwenye nyumba ambazo jioni hazikuwa na kitu cha kesho, na asubuhi kikawepo.

Sasa rudi kwenye daftari. Pitia kila mstari ukijiuliza: katika hili, sehemu ya leo ni ipi? Kwa vidonge vya mama sehemu ya leo ilikuwa kidonge kimoja, na kilikuwepo, ndani ya pakiti, juu ya kabati. Nilikuwa nimekosa usingizi siku tano kwa ajili ya Jumamosi, huku kila asubuhi mama akimeza dawa yake kama kawaida. Kwa kodi, sehemu ya leo haikuwa kulipa. Ilikuwa kuzungumza na mwenye nyumba. Kwa ada, sehemu ya leo ilikuwa kumpigia yule jamaa niliyemkopesha. Kwa fundi, kupokea simu yake.

Andika pishi hiyo pembeni mwa kila hitaji, kitu kimoja kinachofanyika kabla ya jua kuzama. Kama kwenye hitaji fulani hakuna la kufanya leo, andika "leo ni kusubiri" na uliache. Hilo nalo ni jibu halali.

Najua atatokea wa kuuliza: basi akiba ni kukosa imani? Hapana, na jibu liko kwenye sura hiyohiyo. Siku ya sita waliagizwa waokote mara mbili, pishi mbili kwa kila mtu, wakaweka hadi sabato, na haikunuka. Yusufu naye, katika Mwanzo 41, alishauri Misri iweke sehemu ya tano ya mavuno ya miaka saba ya neema. Nionavyo mimi, akiba yenye sababu na tarehe ni ya siku ya sita. Akiba inayozidi kuongezwa kwa sababu hakuna kiasi kinachotuliza roho, hiyo ndiyo inayoingia mabuu. Mwenyewe utaijua kwa harufu.

Hatua ya 4: Omba daftari likiwa wazi

Fupi, mstari kwa mstari, kwa lugha unayozungumza nyumbani. "Baba, kodi imepungua theluthi, inatakiwa tarehe 5. Leo naenda kuongea na mzee mwenye nyumba. Nipe maneno, naye mpe moyo wa kusikia. Dawa za mama za leo zipo, asante. Za Jumapili sijui zitatoka wapi, nimekuachia." Weka kidole kwenye mstari unaouombea. Ukimaliza mstari, nenda unaofuata, usirudi nyuma.

Usiku mawazo yakirudi, nayo yatarudi, jibu lako ni moja: lipo kwenye daftari, nimeshalisema. Wala usiliombe tena gizani. Maombi ya saa nane usiku mara nyingi ni wasiwasi uliovaa kanzu.

Hatua ya 5: Toka ukaokote

Mana ilianguka, lakini haikuingia hemani. Ilibidi mtu ainame.

Ruthu ndiye mfano wangu. Mgeni, mjane, ana mama mkwe wa kumlisha. Sheria ya Mambo ya Walawi 19:9-10 iliwakataza wenye mashamba kuvuna hadi kwenye pembe na kuokota masazo. Hayo ni ya maskini na mgeni. Ndiyo njia ambayo Mungu aliweka tayari, muda mrefu kabla Ruthu hajaihitaji. Lakini yeye ndiye aliyeomba ruhusa, akatoka, akaokota tangu asubuhi hadi jioni, akapura, akapata kama efa moja ya shayiri (Ruthu 2:17). Kutoka 16:36 inasema pishi ni sehemu ya kumi ya efa. Fanya hesabu: kwa kipimo cha mana, Ruthu alirudi nyumbani na posho ya watu kumi. Boazi, mwenye shamba, alikuwa amewaambia vijana wake wadondoshe makusudi, jambo ambalo Ruthu hakulijua alipotoka asubuhi.

Kwa hiyo fanya ile pishi uliyoiandika. Mengi yatakuwa mambo madogo yasiyopendeza: kupiga simu, kuomba kibarua kilicho chini ya cheo chako, kuuza kitu ulichokizoea. Ajizi ni nyumba ya njaa, nasi tunaosali tunaweza kuwa na ajizi yenye maneno mazuri kuliko wengine.

Ila niseme jambo moja. Andiko la 2 Wathesalonike 3:10, kwamba asiyetaka kufanya kazi na asile, linatumiwa vibaya kuwapiga waliokosa kazi. Linasema asiyetaka. Aliyezunguka na vyeti mwezi mzima si wa mstari huo.

Hatua ya 6: Mwambie mtu

Hapa ndipo wengi tunapokwama. Tumefundishwa kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, na wengine wameongezea kwamba imani ya kweli haimwambii binadamu.

Wanaoshikilia hilo humtaja George Müller, Mjerumani aliyezaliwa Prussia mwaka 1805, akafungua nyumba ya yatima Bristol, Uingereza, mwaka 1836, na hadi kufa kwake mwaka 1898 alikuwa amelea watoto zaidi ya 10,000. Ni kweli, hakuwaomba watu fedha, alimwomba Mungu. Namheshimu sana. Lakini hiyo ilikuwa njia yake, si amri kwa kila mtu. Paulo katika 2 Wakorintho 8 na 9 anachangisha waziwazi kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, bila haya, na hoja anayoitumia ni hiyohiyo ya mana: aliyekusanya vingi hakuzidiwa, wala wa vichache hakupungukiwa. Yaani sasa kipimo cha pishi kinasawazishwa na mikono ya ndugu.

Hata ule mstari tunaoubandika ukutani, Wafilipi 4:19, kwamba Mungu atawajaza kila mnachohitaji, umo ndani ya barua ya shukrani. Paulo yuko kifungoni, Epafrodito amemletea mzigo kutoka Filipi, naye anawaandikia waliotoa. Ahadi ile ilikwenda kwa watu ambao mikono yao ilikuwa imetoka tu kuwa jibu la mwingine.

Namna ya kusema ina uzito. Nenda kabla ya tarehe, si baada. Taja kiasi na siku. Usianze na hadithi ya maisha yako yote. Mimi kwa mwenye nyumba nilisema hivi: "Shikamoo, mzee. Kodi ni tarehe 5. Nina theluthi mbili leo, hizi hapa. Theluthi iliyobaki mshahara haujaingia. Naomba hadi tarehe 20." Alizihesabu, akazihesabu tena, akasema, "Ishirini, siyo ishirini na moja." Basi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi wa saa nzima.

Kama ni njaa, yaani hakuna cha kula leo, usianze na daftari wala usisubiri kupanga maneno. Nenda leo kwa mchungaji, kwa mzee wa kanisa, kwa jirani. Matendo 6 inaonyesha kanisa la kwanza lilikuwa na huduma ya kila siku kwa wajane, na ilipowasahau baadhi yao, manung'uniko yao hayakuitwa ukosefu wa imani. Walichaguliwa watu saba kuirekebisha.

Kijito kikikauka

Hili si hatua, ni jambo la kulijua mapema. Katika 1 Wafalme 17 Mungu anamficha nabii Eliya kwenye kijito cha Kerithi na kunguru wanamletea mkate na nyama, asubuhi na jioni. Kisha kijito kinakauka. Eliya hakukosea kitu. Alikuwa palepale alipotumwa. Anaambiwa ahamie Sarepta, na huko anayemlisha ni mjane mwenye konzi moja ya unga katika pipa, anayeokota kuni za mlo wa mwisho. Pipa lile halikupunguka. Lakini pia hatusomi popote kwamba lilijaa. Kila siku lilikuwa na unga wa siku ile.

Kazi, mteja, ndugu anayekusaidia: hizo ni vijito. Kimoja kikikauka, usitumie miezi mitatu kuuliza umetenda dhambi gani. Rudi hatua ya 2, andika upya.

Kuhusu kutoa, na wanaokudai kwa jina la Mungu

Toa. Hata kidogo, hata wakati huu, kwa hiari na kimya. Lakini ukiambiwa upande mbegu kwa kodi ya nyumba au dawa za mzazi ili Mungu akurudishie maradufu, kataa bila kutetemeka. Marko 7:9-13 Yesu anawakemea waliosema mali yao ni Korbani, wakfu kwa Mungu, huku baba na mama wakikosa msaada. Na yule mjane wa senti mbili, Marko 12:41-44, anayehubiriwa kila msimu wa michango: hakuna aliyemwagiza atoe. Mstari unaomtangulia, wa 40, unawataja waandishi, yaani walimu wa sheria, wanaokula nyumba za wajane. Waliozipanga habari hizi mbili pamoja walijua wanachofanya.

Mikopo ya haraka ya kwenye simu nayo nitaipitia kwa sentensi moja: mkopo unaolipwa kwa mkopo mwingine si pishi, ni mabuu.

Hatua ya 7: Tia alama, andika lilikopitia

Hitaji likitimia, weka tarehe na njia. Si "Mungu ametenda" tu, andika alivyotenda. Müller tuliyemtaja hakuwa mtu wa magoti peke yake. Alikuwa mtu wa vitabu vya hesabu: kilichoingia, siku kilipoingia, kilikotumika, na ripoti kila mwaka. Wanaosimulia habari zake husahau daftari, na bila daftari lile tusingekuwa na cha kusimulia.

Mwisho wa mwezi kaa chini usome. Ule wa kwanza wangu unasomeka hivi. Kodi: mzee alikubali, imelipwa tarehe 19. Ada: yule jamaa alilipa robo, mwalimu mkuu akakubali iliyobaki ije muhula ukiwa katikati. Dawa: Ijumaa dada yangu alikuja kumwona mama na pakiti mbili mkononi, hakuna aliyemwambia. Fundi: tulikubaliana mafungu matatu.

Kuna mistari isiyo na alama pia, na usiifute. Paulo aliyeandika Wafilipi 4 anasema mstari wa 12 kwamba amejifunza kushiba na kuona njaa, na 2 Wakorintho 11:27 anaorodhesha njaa, kiu, baridi na kuwa uchi. Hakuona haya kuyaandika. Kwenye daftari langu la mwaka jana kuna hitaji moja limebaki wazi tangu Machi. Kila nikifungua ukurasa mpya nalinakili tena juu kabisa, naweka kidole hapo, naanza nalo.